Je, Wajua? Kiroboto wa Buluu

Je, wajua ya kwamba katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa, mwaka 1966, ambamo magari 55 yalianza na 15 tu yakafika mwisho, gari pekee la Uingereza lililomaliza lilikuwa Mini Marcos, kigari chepesi cha faibaglasi chenye umbo la ajabu na mtambo mdogo wa Mini usiofika hata lita 1.3? Lilimaliza la 15. Walioshinda, Ford, walikuwa na mitambo ya lita 7.

Watazamaji wa Kifaransa, ambao hawakukosa kulifanyia dhihaka, walililakabu kiroboto wa buluu. Na mashabiki wake hawajalisahau hata leo.

Gari lenyewe liliibiwa mjini Paris mwaka 1975. Likatoweka kabisa, wapenzi wake wakilitafuta na kuulizana habari zake, hata mwishoni mwa mwaka 2016 mmoja wao, Mholanzi, alipoligundua huko Ureno.

Ajabu zaidi, kwa rai yangu, ni Marcos ya kwanza, ya mwaka 1959, ambayo fremu yake haikuwa chuma bali plaiwudi, kwa kuwa Frank Costin, mmoja wa waasisi wawili wa kampuni ya Marcos, alikuwa mhandisi wa ndege. Wengi waliliona gari baya la sura. Hata hivyo Jackie Stewart, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia mara tatu, alishindana nalo katika ujana wake.