Mvi Zinapopakwa Kanta

Kila Agosti, Malindi hujaa marinda ya hando, ngoma na mahema. Watu huja kumkumbuka Mekatilili wa Menza, mama wa Kigiriama ambaye mwaka 1913 aliwalisha watu wake kiapo cha kutomfanyia Mwingereza kazi. Magari ya wakubwa hupangwa kivulini, hotuba husomwa. Mgeni ataondoka akiamini utamaduni wa Wagiriama na Wamijikenda wenzao umepata watetezi. Mimi siamini.

Itazame kifudu. Hii ni ngoma ya msiba, na ndiyo Mekatilili aliyoitumia kukusanya umati kijiji baada ya kijiji. Leo hupewa dakika chache kati ya mheshimiwa mmoja na mwingine. Wachezaji wakianza tu kupandwa, mshereheshaji anawaomba wapishe.

Lakini sherehe ni ganda tu. Kiini kiko msituni, kwenye kaya. Kuanzia karne ya 16 Wamijikenda waliishi humo, kijiji katikati na miti ikiwa boma. Kufikia miaka ya 1940 walikuwa wametoka kwenda kulima, wakaacha makaburi ya wazee na fingo, kinga ya kaya, iliyozikwa ardhini. Tangu hapo msitu umelindwa na miiko: hukati mti, hupiti njia usiyoonyeshwa. Wanaoijua miiko hiyo, na kafara zake, ni wazee wa kambi, yaani baraza la kaya. Haikuandikwa mahali popote.

Kwa upande wa makaratasi, hakuna la kulalamikia. Mwaka 1992 kaya za kwanza zilitangazwa kumbukumbu za taifa. Mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza katika urithi wa dunia. Ila mwaka uliofuata UNESCO hiyo hiyo ikaziweka mila za kaya kwenye orodha ya mambo yanayohitaji kuokolewa haraka. Msitu ulipata cheti, na wanaoutunza wakapata onyo. Onyo hilo halitajwi sana jukwaani.

Na wazee wenyewe wana hali gani? Kilifi, kaunti yenye Malindi, kuna wazee wanaopaka nywele kanta, na si kwa urembo. Mvi zimekuwa ushahidi wa uchawi. Mtoto akifa, au biashara ya kijana ikianguka, kidole huelekezwa kwa babu, na usiku panga humfuata. Mara nyingi chanzo ni shamba: mzee ndiye anayezuia lisigawanywe wala kuuzwa, na mwenye kulitaka ni wa damu yake. Wengine wamekimbilia vituo vya kuwahifadhi, mbali na kaya walizopaswa kuziombea mvua. Kijana mwenye akili zake atajifunza uzee wa kambi wa nini, ikiwa elimu yenyewe inaweza kumtia hatiani?

Vigango vinasimulia habari hiyo hiyo kwa njia nyingine. Kigango ni ubao mrefu wa mti mgumu, kichwa cha duara, mwili umechongwa pembetatu ndogo ndogo. Husimikwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa wa chama cha Gohu, na hakiondolewi hata jamaa wakihama. Kinaachwa kioze hapo hapo. Wezi waliving'oa, wafanyabiashara wakaviuza Marekani. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 kwa Mzee Kalume Mwakiru vilitambuliwa kwa sababu mtafiti alikuwa amempiga picha mzee huyo kando yake. Bahati kama hiyo ni adimu. Makumbusho ya Denver yalipovirudisha vigango 30 miaka kadhaa iliyopita, swali gumu lilikuwa virudi boma lipi. Wa kujibu walikuwa wamekwisha kufa, au hawakuulizwa wakiwa hai. Kigango kisichojulikana ni cha nani kinabaki kuwa ubao wa stoo.

Umaskini upo, na vijana kwenda Mombasa kutafuta kazi kupo. Hayo hata hivyo hayatoshi kueleza anguko hili, kwa kuwa maskini wa jana ndio waliozilinda kaya. Hata Waingereza walipoilipua Kaya Fungo ya Wagiriama kwa baruti, Agosti 1914, wazee walibaki na watu wakairudia. Safari hii msitu ndio umesimama na wazee ndio wanaokatwa.

Kwa hiyo kaunti inayotenga fedha za mahema kila Agosti ianzie pengine: ihakikishe mzee wa kambi analala kwake bila kanta kichwani, na ifuatilie kesi za wazee waliouawa mpaka hukumu isomwe.