Bia Ndiyo Inayolipia Ukuta

Jumamosi jioni, katika baa za Kololo, Kampala, zinazotundika michoro, viti hujaa mapema. Watu hushika bia ya Nile Special au waragi yenye toniki, hupiga picha mbele ya turubai la ng'ombe wa pembe ndefu, kisha hurudi mezani kwao. Wanaoinama kusoma kikaratasi cha bei ni wachache. Ukuta kazi yake ni kuvuta mteja. Pesa huingia kwa glasi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme picha inauzwa shilingi 2,000,000, na msanii na mwenye ukumbi wanagawana nusu kwa nusu, mgawo uliozoeleka katika biashara hii. Ukumbi unapata milioni moja. Bia iliyonunuliwa 4,000 na kuuzwa 8,000 inafikia hapo kwa chupa 250. Baa iliyochangamka humaliza chupa hizo wikendi moja. Picha inaweza kungoja hata masika yapite, na mtaji unaolala muda wote huo si wa mwenye baa. Picha imewekwa kwa mali kauli: rangi, turubai na fremu kagharamia msanii. Moshi wa muchomo ukiliingia turubai, hasara ni ya nani? Swali hilo lilistahili kuandikwa kwenye mkataba, lakini mara nyingi watu hupeana mikono tu.

Hata hivyo, nisiwaonee wenye baa. Kampala ina nyumba za sanaa za zamani, kama Nommo ya serikali kule Nakasero, iliyofunguliwa 1964. Ila kwa muda mrefu mnunuzi aliyetegemewa alikuwa mgeni: mwanadiplomasia, mfanyakazi wa shirika la misaada, mtalii anayetoka kuwaona sokwe wa Bwindi. Karani wa benki wa Kiganda hakuwa na sababu ya kupita mlango ule ulionyamaza kama maktaba. Kumbi za aina ya MishMash, iliyokuwa Kololo miaka ya 2010 ikichanganya jiko, baa, bustani na maonyesho, zilimpa sababu. Aliingia kwa kiu, akatoka amezoea kutazama. Wapo walionunua baadaye, tena kwa awamu, kupitia simu.

Ubaya wa kutegemea chupa ulijulikana Machi 2020. Baa zilifungwa kwa sababu ya korona na hazikuruhusiwa kufunguliwa hadi 24 Januari 2022. Karibu miezi 22 bila bia ni miezi 22 ya ukuta usio na mlipaji.

Wengine walikuwa wameshika njia tofauti. Afriart, nyumba ya sanaa iliyoanzishwa na Daudi Karungi mwaka 2002, haikujenga jina lake kwa kaunta ya vinywaji. Iliwalea wasanii wachache, akiwemo Mtanzania Sungi Mlengeya aliyeacha kazi ya benki akachora, na kuwapeleka kwa wakusanyaji wa nje. Mwaka huohuo baa zilipofunguliwa, Uganda ilishiriki maonyesho ya sanaa ya Venice kwa banda lake la kwanza, na kazi za Acaye Kerunen na Collin Sekajugo zikalipatia banda hilo kutajwa kwa heshima na majaji. Njia hiyo ina faida nono, lakini mlango wake ni mwembamba: wasanii wengi wa Kampala hawatapanda ndege hiyo. Wao ukuta wao ni ule wa baa.

Kichekesho ni kwamba 32° East, kituo kinachowapa wasanii studio na maktaba badala ya kuwauzia picha, kimejenga makao yake Kabalagala, mtaa uliojipatia jina kwa kukesha.

Jaribu siku moja kumwuliza mhudumu bei ya bia. Atakujibu huku akipangusa meza. Muulize bei ya picha iliyo juu ya kichwa chako: ataitazama kana kwamba imetundikwa jioni ile, kisha ataenda kumtafuta bosi.