Vishikwambi: Bei ya kifaa yajulikana, ya hesabu zilizomo haijulikani

KISHIKWAMBI cha Pixel kiliingia sokoni Marekani Juni 2023 kwa dola 499. Kufikia Oktoba, baadhi ya wamiliki walikuwa hawawezi kufungua hata picha moja.

Google ilitoa toleo la Android 14 tarehe 4 Oktoba 2023. Waliodhurika ni wenye Pixel 6 na vifaa vya baada yake, pale kifaa kimoja kilipoandikishwa watumiaji kadhaa: mwenyewe, mgeni au mtoto. Ndio mpangilio unaofaa dukani, tajiri na karani wakichangia kifaa. Kwa wengine hifadhi ilifungika na programu zikaanguka. Kwa wengine kifaa kilijizima na kujiwasha mfululizo, kisha kikawataka wafute kila kitu waanze upya.

Hapo ndipo hasara ilipotofautiana. Mwenye hifadhi iliyofungika aliyevuta subira aliletewa sasisho la kurekebisha Novemba, bila kufuta kitu. Aliyekubali kufuta alibaki na kifaa kizima, kitupu. Wale wa kujizima na kujiwasha waliambiwa tu kwamba kampuni inachunguza njia za kuokoa sehemu ya kumbukumbu.

Mwenye daftari la wadaiwa kwenye kishikwambi basi anakili kwanza kwenye flashi (ni nafuu kuliko mdaiwa anayekana deni), ndipo akubali toleo jipya. Kusubiri wiki mbili tatu hakugharimu kitu. Septemba 2024 Apple ilisimamisha iPadOS 18 kwa iPad Pro za M4 baada ya baadhi kuzimika kabisa. Toleo lililorekebishwa lilitoka Oktoba.