Uvimbe Usikisiwe, Upimwe: Kazi ya Sindano Nyembamba



Katika vikundi vingi hapa Kianjai na vijiji vya jirani, hamkosi kusikia habari ya mtu aliyetokewa na uvimbe shingoni, kwapani au kwenye titi. Mmoja atasema ni mitoki tu, itaisha. Mwingine atasema ni TB. Wa tatu atanong'ona kwamba amerogwa. Na wengine, wakisikia neno kansa, huanza kuhesabu pesa za mazishi mgonjwa angali anapalilia shamba lake. Kila mtu ana jina la kuuita ule uvimbe, lakini hakuna aliyeutazama kwa ndani.

Leo tunataka kuwaelezea kipimo kimoja kidogo ambacho mara nyingi kinaweza kutoa jina la kweli bila upasuaji. Sisi si madaktari. Lakini kazi yetu ni kutembea na familia zenye wagonjwa, na tumeona kwamba anayekijua kipimo haogopi kukiuliza.

UVIMBE MMOJA, MAJINA MENGI

Tezi ndogo za shingoni, kwapani na kinenani ni askari wa mwili. Mtoto akiwa na kidonda kichwani, tezi za shingo huvimba. Kidonda kikipona, nazo hurudi chini. Hizo hazina neno.

Uvimbe unaokaa zaidi ya wiki 3, au unaoendelea kukua, ni habari nyingine. Unaweza kuwa TB ya tezi. Unaweza kuletwa na virusi vya UKIMWI. Unaweza kuwa saratani iliyotoka mahali pengine, kama kwenye titi au kooni. Tena unaweza kuwa limfoma, yaani saratani ya hizo tezi zenyewe. Kwa macho na vidole peke yake, hata daktari hodari hawezi kuzitenganisha kwa hakika.

Na dawa zake ni mbali mbali. TB ya tezi hutibiwa kwa vidonge, kwa kawaida miezi 6, na katika hospitali za serikali dawa hizo hutolewa bure. Limfoma huhitaji dawa za saratani, ambazo nyingi huingizwa kwa mshipa. Nao uvimbe mwingi wa matiti ya wasichana si saratani kabisa.

Kukisia hudhuru pande zote mbili. Mwenye limfoma akipewa dawa za TB kwa kubahatisha, hupoteza miezi huku ugonjwa ukienea. Mwenye TB akiambiwa ni kansa, hurudi nyumbani kungoja kufa, na kumbe angepona.

SINDANO YENYEWE HUFANYA NINI?

Sindano inayotumika ni nyembamba, kwa kawaida nyembamba kuliko ile ya kutolea damu. Mhudumu husafisha ngozi kwa spiriti, hushika uvimbe kwa vidole viwili, kisha huingiza sindano na kuisogeza mbele na nyuma mara chache. Hakuna dawa inayoingizwa mwilini hapo. Kinachotakiwa ni kuvuta chembechembe chache sana, nyingine hata huzioni kwa macho.

Chembechembe hizo hupakwa juu ya kipande cha kioo, hutiwa rangi, kisha mtaalamu huzitazama kwa darubini. Chembe za mwili wenye afya zina umbo lake, za saratani zina lake, na TB nayo huacha alama zake. Majimaji mengine yanaweza kupelekwa kwenye mashine ya GeneXpert kutafuta vijidudu vya TB.

Yote haya huchukua dakika chache. Mgonjwa hubanwa pamba, hubandikwa plasta, na hurudi nyumbani kwa miguu yake. Uchungu ni kama wa sindano ya kawaida. Mwenye kutumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu amwambie daktari kwanza.

Watu husema ati ukichoma kansa kwa sindano unaiamsha na kuitawanya. Tuseme ukweli: kwa sindano nyembamba namna hii, jambo hilo ni nadra sana. Hatari kubwa zaidi ni kukaa na uvimbe usio na jina. Wembe wa mganga na kuchoma kwa moto huleta vidonda na kuharibu mahali pa kupimia.

SI JAMBO GENI HUKU KWETU

Wengine hudhani hiki ni kipimo cha majuzi kutoka Ulaya. Mwaka wa 1904, madaktari wawili Waingereza, Greig na Gray, walivuta majimaji kwa sindano kutoka kwenye tezi za wagonjwa wa malale huko Uganda, wakaviona vijidudu vya ugonjwa huo. Mwaka wa 1930, Martin na Ellis wa New York walieleza jinsi ya kutumia sindano kutambua uvimbe wa saratani.

Uganda hiyo hiyo, mwaka wa 1957, daktari mpasuaji Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago alianza kuchunguza watoto waliovimba taya. Mwaka wa 1961 alisafiri kwa gari karibu kilomita 16,000, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, akiuliza kila hospitali kama inawaona watoto wa namna hiyo. Ugonjwa ule leo huitwa limfoma ya Burkitt, na hupatikana zaidi penye malaria nyingi. Uvimbe wake unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku chache tu. Lakini husikia dawa vizuri, na watoto wengi hupona wakiwahiwa. Hapo ndipo mnaona thamani ya kipimo kinachoweza kutoa jibu upesi.

SINDANO HAIWEZI KILA KITU

Wakati mwingine chembe zinazovutwa ni chache mno, na kipimo hurudiwa. Wakati mwingine jibu husema hakuna saratani, na kumbe sindano ilipita kando. Kwa hiyo jibu zuri lisiwafanye mlale: uvimbe ukiendelea kukua, rudini.

Kwa limfoma hasa, sindano huweza kuonyesha njia, lakini ziko aina nyingi, na mara nyingi daktari atataka kukata tezi au kipande chake ili kujua ni aina gani na dawa gani. Mkiambiwa hivyo, msidhani mnazungushwa. Saratani ya koo la chakula na ya tumbo hupimwa kwa njia nyingine, kwa mpira wenye kamera.

Jambo lingine: msinunue dukani dawa za steroidi, kama prednisoloni, ili kushusha uvimbe. Limfoma inaweza kunywea kwa muda na kujificha, halafu hata kipimo kishindwe kuiona.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

1. Mjue dalili za kutokungoja: uvimbe mgumu au unaokua, uvimbe wowote mpya kwenye titi, homa isiyoisha, kutoka jasho jingi usiku na kukonda. Mtoto aliyevimba taya au tumbo apelekwe siku hiyo hiyo.

2. Mwanzieni kituo cha afya kilicho karibu, mwombe barua ya rufaa. Kabla ya kupanda matatu kwenda Meru mjini au Maua, ulizeni kipimo hufanywa siku gani na ni pesa ngapi.

3. Kila mwanachama ajiandikishe SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na aulize italipa nini.

4. Mfuko wa kikundi utenge nauli ya safari mbili: ya kupimwa na ya kuchukua majibu. Majibu yakikaa kabatini kwa sababu ya nauli, ni kama hamkupima.

5. Mtu mmoja aandamane na mgonjwa, asikilize, aandike, na aweke siri. Habari ya mgonjwa si ya kupeleka sokoni.

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi twaongeza: mwenye kufichua asiachwe peke yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

- Je, yuko kati yetu mwenye uvimbe ambao bado haujapimwa? Anazuiwa na nini: woga, pesa au maneno ya watu?
- Nani atauliza habari za kipimo hiki hospitalini na kutuletea jibu mkutano ujao?
- Mfuko wetu unaweza kutoa nauli ya wagonjwa wangapi kwa mwaka?