Msagaji unga aliyetuachia fankisheni ya Green

Ukisoma fizikia au uhandisi chuo kikuu, lazima siku moja utakutana na fankisheni ya Green. Wengi tunaikariri kwa ajili ya mtihani, basi. Kumbe huyo Green alikuwa msagaji unga!

Twende Sneinton, Uingereza. Leo ni sehemu ya jiji la Nottingham, ila mwaka 1807 kilikuwa kijiji nje ya mji. Mwokaji mikate mmoja alijenga hapo, juu ya kilima, kinu cha upepo cha matofali. Mnara wa kinu cha aina hii hausogei. Kinachogeuka ni kofia yake ya juu, iliyobeba mabawa makubwa, ili mabawa yaukabili upepo. Nguvu inashuka kwa mhimili na magurudumu ya meno hadi kwenye mawe ya kusagia. Na upepo haujui saa za kazi: ukivuma usiku wa manane, unaamka unasaga.

Mtoto wa mwokaji huyo, George Green, alisoma shule kwa muda usiofika miaka miwili, halafu akaingia kazini kwa baba yake. Hesabu alijifunza mwenyewe. Mwaka 1828 akachapisha insha kuhusu umeme na sumaku. Walioagiza nakala walikuwa kama 50 tu, na wengi wao hawakuwa wanahisabati.

Ndani yake kulikuwa na nini? Mambo mawili makubwa. Kwanza, alionyesha jinsi yanayotokea ndani ya eneo yanavyofungamana na yanayotokea kwenye mpaka wake. Pili, fankisheni yenyewe. Hebu fikiria chumba chenye giza. Washa mshumaa mmoja, upime mwanga wake unavyofika kila kona. Ukishajua hilo kwa kila mahali mshumaa unapoweza kukaa, hata iwashwe mishumaa mia, unajumlisha tu. Green alifanya hivyo kwa chaji za umeme.

Baba yake alipofariki, Green aliachana na usagaji, na mwaka 1833, akiwa na miaka 40, akaanza shahada Cambridge. Alifariki mwaka 1841, insha yake ikiwa karibu haijulikani. Mwaka 1845 kijana William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, aliisaka. Aliipata kwa mwalimu wake, William Hopkins, aliyekuwa na nakala muda wote huo! Thomson akahakikisha inachapishwa upya. Leo mbinu ya Green inatumika kuanzia mitetemeko ya ardhi hadi fizikia ya kwanta.

Kinu nacho kilinusurika. Kiliacha kusaga katika karne ya 19, kikaungua mwaka 1947, kikabaki gofu. Miaka ya 1980 kilikarabatiwa, mabawa yakazunguka tena, na pembeni pakawekwa kituo cha sayansi.

Kwa hiyo, kama kwenye kabati la idara yenu kuna tasnifu ya zamani ambayo hakuna anayeigusa, ifungue japo kurasa chache. Huwezi kujua.