Injini Imenoki: Je, Oili Ilipimwa kwa Nini?



Katika toleo hili tumeona vema kueleza jambo ambalo wengine wataliona dogo, lakini limewagharimu wanavikundi wetu fedha nyingi. Ni jinsi ya kuchagua oili na kuichanganya na petroli kwa ajili ya msumeno wa mnyororo, au chenso kama tulivyozoea kuuita. Tunaandika baada ya kikundi cha vijana wa usharika mmoja wa mlimani kuharibikiwa na msumeno wao kabla hawajamaliza kurejesha mkopo walionunulia.

Vijana hawa walikuwa wakipasua migrevilea ya vihamba kwa vibali halali, na sehemu ya mbao ilikuwa ya kuezeka nyumba ya ibada ya mtaa. Msumeno ulifanya kazi vizuri kwa miezi kadhaa. Kisha wakapata kazi ya kukata mijohoro huko tambarare, upande wa Kahe. Siku ya pili, saa nne asubuhi, injini ilipiga kelele nyembamba, ikazima, na kamba ya kuwashia haikuvutika tena. Injini ilikuwa imenoki.

Fundi alipofungua silinda tulikuwepo. Pistoni ilikuwa imechanika mistari mirefu upande wa ekzosi, na ringi ilikuwa imeganda mahali pake. Kila mtu alilaumu msumeno, na wengine wakasema siku hizi vitu vyote ni feki. Tukaomba kuonyeshwa wanavyochanganya mafuta. Kijana mwenye dhamana akajibu bila wasiwasi, "Vizibo viwili kwa lita moja, kama tulivyofundishwa."

Hapo ndipo tulipochukua bomba la sindano na kupima. Kizibo cha chupa ya oili waliyoanza nayo kilibeba mililita 10, kwa hiyo vizibo viwili vilikuwa mililita 20. Lakini chupa ile ilikwisha zamani. Sasa walinunua oili ya bei nafuu na kuipima kwa kizibo cha chupa ya maji ya kunywa, ambacho kilibeba mililita 6. Vizibo viwili ni mililita 12 tu. Zaidi ya hayo, oili hii mpya iliandikwa ubavuni kwamba ichanganywe sehemu 1 kwa 25, yaani mililita 40 kwa lita. Kwa hiyo injini ilikuwa inapata chini ya theluthi ya oili iliyohitaji, na hakuna mtu aliyekusudia kuiba wala kubana matumizi.

Kwa nini injini hii haivumilii kosa hilo? Vijana wengi wamejifunza ufundi kwenye bodaboda. Pikipiki za siku hizi zina injini ya mipigo minne, na oili yake hukaa chini ya injini ikizunguka humo humo mpaka wakati wa kuimwaga. Msumeno una injini ya mipigo miwili, ambayo mafundi huiita tustroki, na hauna mahali pa kuhifadhi oili ya injini. Petroli na hewa hupita kwanza chini ya pistoni, kwenye beringi, ndipo vipande juu kuungua. Oili iliyochanganywa ndani ya petroli hiyo ndiyo pekee inayolainisha beringi, ringi na kuta za silinda, nayo huungua na kutoka na moshi. Wazee waliokuwa na Vespa wanakumbuka kwamba petroli yake haikutiwa bila oili. Na msumeno ukiwa na kasi kamili huzunguka zaidi ya mara 12,000 kwa dakika, ukipozwa na upepo tu.

Sasa tuangalie oili yenyewe. Oili ya gari haifai kabisa, hata iwe mpya na ya gharama. Imetengenezwa ikae ndani ya injini, si iungue, na ikiungua huacha majivu na masizi kwenye plagi na kwenye tundu la ekzosi. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari ina vumbi la chuma ndani yake, hiyo hata tusiijadili. Iko pia oili ya mipigo miwili ya mashine za boti, ambayo chupa yake huandikwa TC-W3. Hii huwadanganya wengi kwa sababu ni kweli ni ya tustroki, lakini ni ya injini zinazopozwa na maji ya ziwa au bahari. Silinda ya msumeno ina joto kubwa zaidi. Tafuta chupa iliyoandikwa kwamba ni ya injini ya mipigo miwili inayopozwa kwa hewa, yenye alama ya JASO FB, FC au FD. FC na FD hutoa moshi na masizi kidogo zaidi kuliko FB. Oili inayouzwa kwa kupimiwa kwenye chupa ya maji, bila karatasi yoyote, iache dukani hata kama muuzaji ni ndugu yako.

Kipimo kinategemea vitu viwili kwa pamoja: kitabu cha msumeno na aina ya oili. Watu hubishana kama 1:50 ni sahihi au 1:25, na mara nyingi wote wawili wana haki. Stihl huelekeza 1:50 ukitumia oili yao, na 1:25 ukitumia oili nyingine ya mipigo miwili. Kwa misumeno mingi ya Husqvarna ya miaka ya karibuni, maelekezo ni 1:50 kwa oili yao na 1:33 kwa oili nyingine zinazofaa. Misumeno ya bei nafuu tuliyoiona sokoni imeandikwa 25:1 kwenye mfuniko wa tangi, maana yake ni ile ile, petroli sehemu 25 kwa oili sehemu 1. Kama kitabu kimepotea na hujui oili yako ni ya daraja gani, tumia 1:25. Utavumilia moshi kidogo, lakini hutanunua pistoni.

Kwa kupimia, sisi tunashauri bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano, ambalo linapatikana duka lolote la dawa kwa fedha kidogo. Bomba moja kwa lita ni 1:50. Bomba moja na nusu ni kama 1:33. Mabomba mawili ni 1:25. Kwa dumu la lita 5 ni mililita 100, 150 au 200. Anayepunguza oili nusu ili kuokoa gharama, akitumia lita 5 kwa siku kwa kipimo cha 1:50, anaokoa mililita 50 tu. Silinda na pistoni ya kikundi chetu viligharimu zaidi ya nusu ya bei ya msumeno mpya.

Je, kuongeza oili kupita kipimo kunaleta usalama? Hapana. Plagi hulowana na kuwa nyeusi, tundu la ekzosi huziba kwa masizi, na nguvu hupungua. Tena, oili inapochukua nafasi ya petroli, kabureta hupitisha petroli pungufu kidogo, na joto linaweza kupanda badala ya kushuka. Plagi ya injini yenye afya huwa na rangi ya kahawia hafifu. Ikiwa nyeupe, simamisha kazi.

Hapa tunafika kwenye sehemu ya pili ya kisa chetu, ambayo watu wa Kilimanjaro tunapaswa kuijua kuliko wengine. Kijiji cha vijana hawa kiko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, kwa hiyo msumeno uliotegeshwa mjini Moshi hupata petroli nyingi kuliko hewa, hutoa moshi na kuzubaa. Wengi hudhani oili imezidi na huipunguza. Hilo ni kosa: kipimo cha oili hakibadiliki kwa mwinuko. Kinachorekebishwa ni kabureta, kwa skrubu yenye herufi H. Fundi wa kijijini aliifunga skrubu hiyo kidogo, na kwa kule juu alifanya sawa. Lakini waliposhuka Kahe, kwenye mita kama 700, hewa ilikuwa nzito na petroli ikawa haitoshi. Injini iliyokuwa tayari na njaa ya oili ikapata na joto la ziada.

Kwa hiyo ukishuka au kupanda mlima na msumeno wako, mwombe fundi aangalie kabureta kabla ya kuanza kazi. (Baadhi ya misumeno mipya ya bei kubwa hujirekebisha yenyewe.) Ukiufungua moto wote bila kukata, msumeno uliotegeshwa vizuri hugugumia kidogo, kisha sauti husafika ukiingia kwenye gogo. Ukilia kwa sauti kali nyembamba bila kugugumia, uzime.

Kuhusu petroli, nunua kituoni. Petroli ya chupa za barabarani inaweza kuwa imechakachuliwa kwa mafuta ya taa, na ingawa EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, kinga hiyo haifiki kwenye chupa ya mtu binafsi. Tia oili yote na nusu ya petroli kwenye dumu safi, tikisa, kisha ongeza petroli iliyobaki na utikise tena. Tikisa pia kila unapojaza tangi, na uache msumeno upoe kwanza. Changanya kiasi cha wiki mbili au tatu, si cha msimu mzima, kwa sababu mchanganyiko ukikaa huharibika. Andika kwenye dumu kwa rangi: MCHANGANYIKO 1:25. Tumewahi kuona mtu akitia petroli tupu kwa sababu madumu yalifanana.

Msumeno wa vijana umetengenezwa na umerudi kazini. Bomba la sindano limefungwa kwa kamba kwenye shingo ya dumu, na kipimo kimeandikwa na mtu mmoja tu ndiye anayechanganya. Vikundi vingine vyenye misumeno vinakaribishwa kufika ofisi ya miradi na chupa ya oili mnayotumia, pamoja na kizibo mnachopimia.