Haja na Mfuatano: Utegemezi wa Huduma katika Mfumo wa Linux

Neno utegemezi limezoeleka katika sarufi yetu: kishazi tegemezi hakijitoshelezi bila kishazi huru. Wataalamu wa kompyuta nao hulitumia kwa huduma isiyofanya kazi bila huduma nyingine. Hoja yetu ni kwamba neno hili moja huficha mahusiano mawili, na anayeyachanganya hawezi kukipata kiini cha hitilafu.

Tukisema, "Jua lilichwa, mgeni akaingia," kiambishi -ka- kinaonyesha mfuatano tu. Tukisema, "Mgeni haingii mlango usipofunguliwa," tumetaja haja, na msikilizaji hujiongezea mfuatano mwenyewe: mlango kwanza, mgeni baadaye. Mashine haijiongezei.

Programu ya systemd, iliyoanza mwaka 2010 na ambayo sasa huwasha huduma katika matoleo mengi ya Linux, huyatenganisha mahusiano hayo. Agizo la "Requires=" hutaja haja; "After=" hutaja mfuatano. Tuchukue mfano wa tovuti inayohitaji hifadhidata ya PostgreSQL. Msimamizi akiandika "Requires=postgresql.service" pekee, huduma zote mbili huanza kuwashwa kwa pamoja. Hifadhidata ikiwahi, tovuti huamka salama; ikichelewa, tovuti huweza kushindwa. Hitilafu ya namna hii husumbua kwa kuwa haijitokezi kila siku. Dawa yake ni kuandika maagizo yote mawili.

Mgogoro wa pili ni mzunguko. Ikiwa huduma ya kwanza imeagizwa ianze baada ya ya pili, na ya pili baada ya ya kwanza, hakuna iwezayo kutangulia. Hapo systemd hujaribu kuuvunja mzunguko kwa kuiacha kazi mojawapo isiyo ya lazima. Kompyuta huwaka, lakini huduma moja haimo. Msimamizi asibahatishe: asome kumbukumbu za uwashaji kwa amri ya "journalctl -b", ahakiki faili za huduma kwa "systemd-analyze verify", kisha aulize kuhusu kila agizo: je, hapa pana haja, mfuatano, au vyote viwili?

Kwa kuhitimisha, tunapendekeza utegemezi liwe jina la jumla, na chini yake tuwe na utegemezi wa haja na utegemezi wa mfuatano. Mwanafunzi atakayefundishwa kwa istilahi hizo atauona mpaka ambao hata mafundi wazoefu huuvuka bila kujua.